Hofu ya Ukumbini na Hofu ya Mtaani: Filamu za Kutisha na Hadhira ya Pwani

Historia ya filamu za kutisha za gharama ndogo ni historia ya hadhira pia. Mwaka 1958, mwongozaji wa Marekani William Castle alipotoa *Macabre*, watazamaji walikatiwa bima ya dola 1,000 iwapo wangekufa kwa hofu. Mwaka 1959, katika *House on Haunted Hill*, mifupa bandia ilipitishwa kwa waya juu ya vichwa vyao. Katika *The Tingler*, baadhi ya viti vilifungwa mitambo ya kutetemesha.

Mbinu hizo zilikusudia kubomoa ukuta baina ya kiwambo na hadhira. Katika fasihi simulizi ya Pwani ukuta huo haukuwapo: mtambaji akisema "Paukwa!", hadhira huitikia "Pakawa!", na kwa kuitikia imekwisha kuingia hadithini. Filamu kama *Shumileta* (2005) ya Mtanzania Mussa Banzi, inayomhusu jini wa kike, hujengwa juu ya imani ambayo mtazamaji anakuja nayo kutoka nyumbani.

Hapa ndipo tatizo la kihakiki linapojitokeza. Mtazamaji wa Castle alijua kuwa mifupa ile ni mzaha. Huko Magarini na kwingineko Kilifi, wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, aghalabu ugomvi wa ardhi ukiwa nyuma ya tuhuma hizo. Filamu inayompa mchawi sura ya ajuza, basi, haiamshi hofu tu. Huitafutia mtu wa kuibeba. Mhakiki hana budi kuuliza ni nani anayebaki hatarini taa za ukumbi ziwashwapo.