Ustaarabu wa Miaka 10,000 Ungekuwa Umefika Wapi? Uliza Wahunzi wa Ziwa Letu

Kila muvi ya anga za mbali ina ile sehemu. Wasee wanaingia kwenye magofu ya viumbe waliokufa zamani za kale, vumbi kila mahali, mmoja anagusa ukuta, na taa zinawaka. Mashine imelala miaka laki moja na bado inafanya kazi kuliko simu uliyonunua Januari.

Halafu kuna upande wa pili. Kwenye Star Wars tunaambiwa Jamhuri imekaa zaidi ya vizazi elfu moja, na bado watu wanapigana kwa panga za mwanga na kupanda vyombo ambavyo lazima uvipige ngumi ndio viwake. Hakuna kitu kimesonga. Frank Herbert, alipotoa Dune mwaka wa 1965, angalau alitupa sababu: watu walipiga marufuku mashine zinazofikiri, kwa hivyo miaka elfu kumi inapita na bado wanatatua mambo kwa visu na ndoa za kisiasa.

Mashabiki wamegawanyika hapo. Kuna wanaosema ustaarabu wa zamani hivyo ungekuwa umefika kiwango cha miungu, na kuna wanaosema ungefika mahali ukwame. Mimi naona kambi zote mbili zina kosa moja. Zote zinaona teknolojia kama ngazi: ama unapanda, ama umesimama. Na si lazima uende galaksi nyingine kuangalia kama ni kweli. Toka hapa Awasi, panda matatu ya Kisumu, kisha uunganishe mpaka Siaya.

Kule karibu na mto Yala kuna mahali panaitwa Urewe. Vyungu vilivyochimbuliwa huko vilielezwa kwenye andiko la mwaka wa 1948 lenye majina ya Mary Leakey, mmishonari W. E. Owen na Louis Leakey. Chini kwenye kitako, vingi vina kishimo kidogo, kama mtu alibonyeza kwa kidole udongo ukiwa bado mbichi. Vyungu vya aina hiyo vimepatikana Uganda, Rwanda, Burundi na Kagera, na vilitengenezwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Omera, fikiria hiyo. Miaka elfu, mtindo ule ule. Ukiwa mgeni kutoka sayari nyingine na umeona vyungu pekee, utaandika kwenye ripoti yako: hawa wamekwama.

Lakini watu wa vyungu hivyo ndio walikuwa wanayeyusha chuma. Na kwa chuma, hadithi ni tofauti kabisa.

Vuka upande wa pili wa ziwa, Tanzania, kwa Wahaya wa Kagera. Mwaka wa 1978 watafiti wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapisha makala kwenye jarida la Science kuhusu matanuru ya huko, mengine ya karibu miaka 2,000 iliyopita. Hawakutegemea mabaki peke yake. Waliwaomba wazee waliofanya kazi hiyo ujanani, na ambao hawakuwa wameigusa kwa miongo kadhaa, wajenge tanuru tena.

Kwa hivyo wazee wakajenga. Walichimba shimo, wakachoma matete ya kinamasi ndani yake mpaka yakawa meusi, ili chuma kikidondoka kikutane na kaboni. Juu yake wakasimamisha tanuru kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu mchwa wameshakuchagulia udongo unaovumilia moto. Halafu mirija ya udongo ikaingizwa ndani kabisa ya tanuru, sio kuishia mlangoni, na vijana wakavuta mivukuto kwa zamu. Kulingana na Schmidt na Avery, hewa iliyopita kwenye mirija hiyo ilikuwa inapata moto kabla ya kugusa makaa, na ndio maana joto lilipita nyuzi 1,300. Kilichotoka kilikuwa na sehemu za chuma cha pua. Yaani chuma kigumu, kile cha maana.

Kuna wataalamu waliobisha hiyo habari ya hewa moto, na wana haki yao, hiyo ndiyo sayansi. Lakini kwamba chuma kizuri kilitoka, kilitoka.

Sasa hapa ndipo ngazi inavunjika. Kuyeyusha chuma kunakula makaa vibaya sana, na makaa ni miti. Schmidt ameeleza kwamba wahunzi wa zamani kule Kagera walimaliza msitu wa karibu, kazi ikapungua kwa karne kadhaa, kisha baadaye ikarudi. Hawakusahau kufikiri. Walikosa kuni tu. Nikiona muvi ambapo kuna mji mkubwa wa vyuma katikati ya jangwa, swali langu la kwanza huwa ni nani anachoma makaa hapa. Hata Wakanda, na naipenda kama nyinyi wote, inataka niamini kwamba mlima mmoja wa madini na mpaka uliofungwa vinatosha kukupeleka mbele milele. Anayewapa changamoto ni nani? Wanashindana na nani?

Turudi upande wetu. Kwenye vilima vya Samia, Kaunti ya Busia, kulikuwa na mawe yenye chuma na wahunzi wa sifa. Majembe yao yalienda kwa majirani, na jembe halikuwa la kulima tu, lilikuwa mali, lilikuwa mahari. Sasa, Desemba 1901 reli inafika ziwani, pale tunapoita Kisumu leo. Ikaanza kushusha bidhaa za viwandani, na kati ya hizo majembe ya Ulaya, ya bei rahisi, yote yanafanana. Hebu jiweke kwenye viatu vya mhunzi. Wewe unatafuta mawe, unachoma makaa siku kadhaa, unajenga tanuru, unapata donge lenye mavi ya chuma kibao, unaligonga mpaka mkono unakufa ganzi. Na dukani jembe liko tayari.

Wengi husema hapo ndipo uhunzi ulikufa. Sio kweli. Kilichokufa ni kuyeyusha. Kufua kuliendelea, kwa sababu sasa chuma chakavu kilikuwa kila mahali, na nyundo haiulizi chuma kimetoka wapi. Mhunzi alibaki na kazi yake. Alipoteza tu hatua ya kwanza, ile ya kugeuza jiwe kuwa chuma, na hakuna aliyeona hasara kwa sababu majembe yalizidi kuwa mengi.

Hiyo, kwangu, ndiyo picha ya kweli ya ustaarabu wa kale ambayo waandishi wa hadithi za sayansi hawaigusi vya kutosha. Isaac Asimov alikaribia kwenye Foundation, pale mafundi wanawasha mitambo ya nishati bila kuelewa inavyofanya kazi. Si miungu, na si watu waliokwama. Juu wanapanda, chini kunabomoka, na yote yanatokea siku moja. Viumbe wanaoweza kurekebisha chombo cha anga lakini hawawezi tena kutengeneza bati lake.

Na usicheke viumbe. Pale steji ya Awasi kuna fundi anayebadilisha kioo cha simu kabla hujamaliza soda. Kuna mwingine anayekata mapipa na kuyageuza majiko. Hao ni watu wa akili, sitaki mtu aniambie vingine. Lakini kioo kimetoka China, na pipa pia limetoka mbali. Meli zikisimama miaka mitano, tuko wapi? Sisemi tufunge bandari. Nasema tu kwamba sisi ni wale viumbe wa kwenye muvi, na tunaangalia skrini tukijiuliza wao walipoteaje.

Kuna kitu kimoja kinanipa moyo kidogo, na kiko Migori. Thimlich Ohinga. Kuta za mawe makavu, bila saruji, bila udongo wa kushikilia, nyingine zikifika zaidi ya mita 4, zimesimama tangu karibu karne ya 16. UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Eneo lile la kusini mwa Nyanza lina ngome za namna hiyo zaidi ya 500. Wageni wakifika huuliza nani alijenga, na kusema kweli hilo sio swali tamu zaidi pale. Waliojenga walihama. Wakaja wengine, wakahama. Wakaja wengine tena, mpaka karne ya 20. Kila kundi lilikuta ukuta umebomoka mahali, likapanga mawe upya kwa njia ile ile. Kwa hesabu ya ngazi, miaka 400 bila hatua yoyote. Lakini ukiweka jiwe vibaya kwenye ukuta usio na saruji, unaanguka. Kwa hivyo kila kizazi kililazimika kuelewa, sio kukariri.

Tanuru halikubahatika hivyo. Ukuta ukibomoka unabaki hapo ukikudai, tanuru linavunjwa kutoa chuma na haliachi kitu cha kukukumbusha. Wale wazee wa Kagera walijenga lao miaka ya 1970 wakiwa na kumbukumbu ya mikono yao wenyewe. Imepita karibu nusu karne. Hesabu umri wao.

Kwa hivyo kama kwenu ni Samia, au popote ambapo babu yako alikuwa wa ukoo wa wahunzi, usiniandikie maoni kuhusu Star Wars. Nenda umuulize mkubwa wa boma ni udongo upi walichagua, ni mti upi ulitoa makaa mazuri, mawe waliyaokota wapi. Mrekodi kwa simu. Halafu nitumie, nitaiweka hapa na jina lake, akikubali.