Somnath, Kituo cha Njia ya Sofala

Yapata mwaka 1030, mwanazuoni Abu Rayhan al-Biruni alimaliza kitabu kikubwa kuhusu Bara Hindi. Alipofika kwenye habari za Somnath, hekalu la mungu Shiva katika pwani ya Gujarat, alieleza kwa nini mahali hapo palikuwa na sifa kuliko mahekalu mengine. Sababu aliyoitoa ni bandari. Hapo ndipo mabaharia walipotia nanga, na hapo palikuwa kituo cha waliokwenda na kurudi kati ya Sofala ya nchi ya Zanj na China. Sofala hiyo ndiyo hii yetu, iliyo leo ndani ya Msumbiji, ambayo baadaye dhahabu yake ilipita mikononi mwa masultani wa Kilwa. Mimi nimezaliwa Kilwa. Niliposoma maneno hayo niliweka nia kwamba siku nikijaliwa kufika India, nitaanzia Somnath.

Nafasi ilipatikana mdogo wangu alipokwenda kusoma Rajkot, mji ambao vijana wa Kitanzania wameuzoea. Kutoka Rajkot hadi Veraval, mji wa bandari ulio jirani na hekalu, reli ina urefu wa takriban kilomita 190, kwa hiyo mtu akiondoka alfajiri anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Tulikata tiketi za daraja la kawaida, tukakaa dirishani. Muuza gathiya, vitafunio vya unga wa dengu, akapita na karatasi zake, zenye pilipili za kukaangwa na papai bichi lililokunwa pembeni. Mdogo wangu aliagiza kwa Kigujarati cha chuoni, na abiria wa mbele yetu wakafurahi wakaanza kutuuliza nyumbani ni wapi.

Njia hii ya Saurashtra, rasi ya Gujarat, inazungumza na Afrika Mashariki kila baada ya vituo vichache, ukijua kusikiliza. Jetpur ni mji wa viwanda vya kuchapa vitambaa, na khanga nyingi zinazofungwa kwenye makontena ya meli kuja kwetu zimetiwa rangi huko. Upande wa magharibi, kwenye pwani, iko Porbandar, alikozaliwa Mahatma Gandhi, na vijiji vya jirani yake ndivyo walikotoka Nanji Kalidas Mehta na Muljibhai Madhvani, waliojenga mashamba na viwanda vya sukari vya Lugazi na Kakira nchini Uganda. Waliondoka kwenye ardhi hii hii ya pamba na karanga tuliyokuwa tukiitazama, wakiwa vijana wadogo, wakavuka bahari.

Baada ya Jetpur nchi huanza kuinuka, na mlima Girnar ukatokea ghafla upande wa Junagadh. Mahujaji wa Kijaini na wa Kihindu hupanda ngazi zake zinazokaribia 10,000. Chini yake liko jiwe lenye amri za mfalme Ashoka, zilizochongwa karne ya 3 kabla ya Kristo, na juu ya jiwe hilo hilo watawala wawili wa baadaye nao wakaongeza maandishi yao. Hatukushuka. Junagadh inahitaji siku yake.

Veraval hunuka samaki, na kwa mtu wa pwani hiyo ni harufu ya kufika. Bandari imejaa mashua za uvuvi zilizobanana ubavu kwa ubavu, na kwenye fukwe mafundi wanaunda vyombo vya mbao mchana kutwa. Tulichukua bajaji kilomita chache hadi Prabhas Patan, mji mkongwe wenye hekalu. Wasio Wahindu wanatakiwa kuomba ruhusa ofisini kabla ya kuingia. Tuliomba, tukaandikwa, tukaruhusiwa. Simu na viatu huachwa nje, wanawake na wanaume hupekuliwa kwenye mistari tofauti, na baada ya hapo unabaki na macho yako tu.

Mnara wa hekalu hili unapanda kiasi cha mita 47 kwa jiwe la rangi ya asali, na chungu cha mawe kilichowekwa kileleni kina uzito wa tani 10. Ndani liko linga, jiwe jeusi la duara linalomwakilisha Shiva, ambalo Wahindu hulihesabu kuwa la kwanza kati ya jyotirlinga 12 zilizotawanyika India nzima. Tuliingia wakati ibada ya adhuhuri ikianza. Ngoma na kengele zilipigwa kwa nguvu hata kifua kikatetemeka, watu wakainua mikono, na mzee mmoja aliyesimama mbele yangu akalia waziwazi bila kujifuta machozi. Sikuwa mmoja wao kwa imani, lakini niliheshimu machozi yale, na bado nayaheshimu.

Kisa cha mahali hapa mtu wa pwani atakielewa haraka. Mwezi, wanasema, alioa mabinti 27 wa Daksha, ambao ndio manzili za mwezi mbinguni, lakini akampenda mmoja tu, Rohini. Wenzake wakamshtakia baba yao, naye akamlaani mkwewe anyauke. Mwezi akaja kuoga na kumwomba Shiva hapa Prabhas, akapewa nafuu nusu: kunyauka siku 15, kunenepa siku 15. Al-Biruni, aliyekuwa mtu wa hesabu na nyota, alikisimulia kisa hiki kisha akaongeza habari ya bahari. Maji yalipojaa yalilifunika jiwe, yalipopwa yaliliacha wazi, na watu wakaona kwamba mwezi ndiye mtumishi anayeliosha. Sisi tuliolelewa tukihesabu bamvua na maji mafu kabla ya kushusha ngalawa hatuhitaji kufafanuliwa zaidi kwa nini wavuvi na mabaharia wangejenga mahali pa ibada kwenye ukingo wa maji namna hii.

Lakini itaje Somnath leo kwa Mhindi yeyote, na jambo la kwanza atakalokwambia ni Mahmud wa Ghazni. Mwanzoni mwa mwaka 1026 sultani huyo alifika na jeshi lake kutoka Afghanistan, akavunja jiwe, akachukua mali. Tukio hilo ni la kweli na lilikuwa la damu. Al-Biruni mwenyewe aliishi chini ya utawala wa Mahmud, na bado aliandika kwamba uvamizi wake uliharibu neema ya nchi na kupanda chuki ya Wahindu kwa Waislamu. Huo ulikuwa ushujaa. Waandishi wa Kiajemi waliokuja baadaye, kila mmoja alikuza habari kuliko aliyemtangulia, mpaka hazina na maiti zikawa hazihesabiki.

Mwanahistoria Romila Thapar aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2004, akiuliza nini wenyeji waliandika. Jibu lake linashangaza. Mwaka 1038, miaka 12 tu baada ya uvamizi, mfalme wa ukoo wa Kadamba kutoka Goa alikuja kuabudu, na maandishi ya safari yake hayataji maangamizi. Mwaka 1169, maandishi ya kuhani Bhava Brihaspati yanaeleza jinsi mfalme Kumarapala alivyolijenga upya hekalu, na sababu inayotolewa ni uchakavu na maafisa wabaya. Simwambii aliyeumia kwamba hakuumia. Ninachosema ni kwamba mji huu uliendelea kuishi, ukaendelea kupokea vyombo, na maisha hayo ya baadaye yanastahili kusimuliwa kwa sauti ile ile inayosimulia siku ya kuvunjwa.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa mwaka 1264. Nahodha mmoja tajiri wa Hormuz, Nuruddin Firuz, alitaka kujenga msikiti Somnath. Alinunua ardhi kwa msaada wa mkubwa mmoja wa mji, Chada, ambaye anatajwa kama rafiki wa haki. Wakuu wa mji walikuwa mashahidi, pamoja na kuhani mkuu wa hekalu lenyewe. Msikiti ukawekewa wakfu: kinu cha mafuta, maduka na nyumba, ili mapato yake yagharamie taa, mwadhini na sikukuu, na kinachobaki kipelekwe Makka na Madina. Makubaliano yakachongwa kwenye jiwe kwa Kisanskriti na kwa Kiarabu. Tarehe imeandikwa kwa kalenda nne: mwaka 662 wa Hijria, 1320 wa Vikrama, 945 wa Valabhi na 151 wa Simha. Maandishi ya Kisanskriti yanamtaja Mwenyezi Mungu kwa jina ambalo Mhindu angemwitia Shiva, Bwana wa ulimwengu.

Fikiria mkutano ule. Ilikuwa imepita miaka 238 tangu Mahmud, na huyu naye ni Mwislamu kutoka ng'ambo, lakini makuhani wa hekalu lile lile wanakaa naye kitako wanapanga wakfu wa msikiti. Sidhani walikuwa wamesahau. Walijua kutofautisha mvamizi na nahodha. Faida ya bandari ilikuwa ya wote, na anayekuja kila msimu na shehena yake ni jirani, hata kama nyumba yake iko ng'ambo ya bahari. Wenyeji wa Kilwa, Mafia na Lamu waliishi hivyo hivyo. Wakati Nuruddin Firuz anatia muhuri, shanga za akiki za Gujarat zilikuwa zikifika kwenye miji yetu, na wachimbaji wa mambo ya kale wamezikuta ardhini Kilwa Kisiwani. Pembe za ndovu zilikwenda upande wa pili. Vyombo vilishuka kwetu na kaskazi, vikarudi na kusi, na bandari za Gujarat ndizo zilizokuwa mwisho wa safari hiyo.

Hekalu lilivunjwa tena. Jeshi la Alauddin Khalji, sultani wa Delhi, lilikuja mwaka 1299, na wengine baadaye, na Aurangzeb, mfalme wa Mughal, alitoa amri dhidi yake karne ya 17. Malkia Ahilyabai Holkar alijenga hekalu jipya jirani mwaka 1783, nalo lipo mpaka leo, dogo na tulivu, limezungukwa na maduka.

Waingereza ndio waliolifanya jeraha la zamani kuwa la kisiasa. Mwaka 1842, jeshi lao likitoka Afghanistan, Gavana Mkuu Ellenborough aliamuru milango ya kaburi la Mahmud huko Ghazni ing'olewe, akatangaza kwamba ndiyo milango ya msandali iliyoporwa Somnath, na kwamba aibu ya miaka 800 sasa imelipwa. Milango ikaburutwa kwa shangwe hadi Agra. Wataalamu walipoichunguza, mbao hazikuwa msandali wala kazi haikuwa ya Gujarat. Mwaka 1843 mbunge Macaulay alimshambulia Ellenborough kwa ajili ya tangazo hilo katika Bunge la London, na milango yenyewe ikabaki ndani ya ngome ya Agra. Mtawala wa kigeni aliwapa watu kisasi ambacho hawakukiomba, na uchungu wa kisasi hicho ukadumu kuliko mbao zake. Hilo linanikera hata leo.

Uhuru ulipokuja mwaka 1947, Nawabu wa Junagadh, Mwislamu aliyetawala raia wengi Wahindu, aliamua nchi yake ijiunge na Pakistan. Alikimbilia Karachi, India ikachukua utawala mwezi Novemba, na katika kura ya Februari 1948 waliochagua Pakistan walikuwa 91 tu. Sardar Patel, Naibu Waziri Mkuu wa India, alikuwa amefika Novemba ile ya 1947, akaahidi kulijenga upya Somnath. Gandhi alitaka fedha zitoke kwa wananchi, si katika hazina ya serikali, na ndivyo ilivyofanyika. Waziri Mkuu Nehru hakutaka mkuu wa nchi isiyo na dini rasmi afungue hekalu, lakini Rais Rajendra Prasad alikwenda, tarehe 11 Mei 1951. Magofu ya zamani yalibomolewa kupisha jengo jipya, na vipande vyake vimewekwa katika jumba la makumbusho la Prabhas Patan. Tulikaa humo muda mrefu kuliko tulivyokaa hekaluni. Wachezaji wa mawe, ndovu, maua, vyote vimeliwa na chumvi ya bahari, na bado mkono wa fundi unaonekana.

Kwenye ukuta wa hekalu unaotazama bahari kuna nguzo yenye mshale. Maandishi yake yanadai kwamba kutoka hapo kwenda Ncha ya Kusini hakuna nchi kavu. Mahujaji husimama hapo kutazama maji matupu. Mdogo wangu alisimama pia, kisha akageuka kidogo mkono wa kulia, kusini-magharibi.

"Dada, nyumbani ni huko," akasema. "Mbona sijaona kibao chochote kinachotaja Sofala?"

Sikukiona na mimi. Kuna mabango ya wafalme, ya wavamizi na ya waliojenga upya, na mabaharia wa al-Biruni hawapo. Ningependa wawepo, kwa faida ya wenyeji kwanza, kwa sababu hao ndio waliowapa babu zao utajiri wa kujengea. Na kwetu pia, kwa sababu mwalimu anayefundisha dhahabu ya Sofala darasani Kilwa huiacha shehena ikielea katikati ya Bahari ya Hindi, bila kumwambia mwanafunzi iliteremshwa kwenye gati gani.

Treni ya jioni iliondoka Veraval imejaa wafanyabiashara wa samaki na familia zilizotoka kuabudu. Upande wa bara, karibu na Talala, viko vijiji vya Jambur na Sirwan vya Wasidi, watu wenye asili ya Afrika ambao babu zao waliletwa Gujarat wakiwa watumwa, askari na mabaharia katika karne mbalimbali. Wanaongea Kigujarati, ni Waislamu, wanamwadhimisha walii Bava Gor, na ngoma yao huiita goma. Talala ndiyo pia nchi ya embe la kesar, ambalo msimu wake ni mwezi wa Mei. Mdogo wangu ana likizo wakati huo, na tayari ameshauliza nauli.