Wizi wa magari yasiyochomekwa ufunguo

Huu ni wizi wa kudanganya mfumo wa mawimbi au kompyuta ya gari bila kuvunja kioo wala kitasa. Gari lisilochomekwa ufunguo hutoa ishara hafifu inayofika kama mita moja au mbili. Ufunguo ulio mfukoni ukiinasa hujibu kwa namba ya siri, mlango hufunguka, na injini huwaka kwa kubonyeza kitufe. Tatizo ni kwamba magari mengi hayapimi umbali wa ufunguo. Yakishasikia jibu sahihi, huamini kuwa mwenyewe yupo.

Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zürich, Aurélien Francillon, Boris Danev na Srdjan Čapkun, walijaribu magari 10 ya watengenezaji 8, na yote yakadanganyika. Wezi hufanya kazi wawili wawili: mmoja husimama mlangoni pa nyumba na antena, mwingine kando ya gari, wakapokezana mawimbi kati ya gari na ufunguo uliolala ndani. Namba ya siri haivunjwi, inasafirishwa tu. Novemba 2017 polisi wa West Midlands, Uingereza, walitoa video ya wezi wakiondoka na Mercedes kwa njia hiyo mjini Solihull.

Mbinu ya pili haihitaji ufunguo kabisa. Mwaka 2022 Ian Tabor, mtaalamu wa usalama wa magari, alikuta bampa ya Toyota RAV4 yake jijini London imelegezwa na nyaya za taa ya mbele zimechomolewa. Ilionekana kama uharibifu wa wahuni. Baadaye gari likaibwa. Yeye na Ken Tindell walieleza mwaka 2023 kwamba wezi hupitia nyaya hizo kuingia mtandao wa CAN, unaounganisha kompyuta za gari, na kutuma ujumbe kuwa ufunguo halali upo. Kifaa chenyewe hufichwa ndani ya spika ndogo ya Bluetooth. Kwa hiyo bampa au taa iliyochezewa usiku ni ya kuripoti asubuhi hiyohiyo.

Dhidi ya mbinu ya kwanza, mfuko wa Faraday, wenye kitambaa cha metali, huzuia mawimbi ya ufunguo uliowekwa ndani yake. Hata hivyo huchakaa, hivyo usimame nao mara kwa mara kando ya gari, ufunguo ukiwa ndani: mlango ukifunguka, utupe. Ufunguo wa akiba nao uwekewe mfuko wake. Funguo mpya zaidi hulala zikikaa bila kusogezwa, na nyingine hupima muda ambao mawimbi yanatumia njiani, jambo lisiloghushika kirahisi kwa sababu mwizi hawezi kuyafanya yaende kasi kuliko mwanga. Dhidi ya mbinu ya pili, swichi ya siri inayokata umeme wa injini na kufuli ya chuma ya usukani ndizo zenye maana.

Ukiwaona wezi kazini, usitoke kupambana nao. Piga simu polisi. Gari likishaondoka, wape namba ya usajili, namba ya chesisi na taarifa za kifaa cha kufuatilia, kisha uiarifu bima. Wezi wengi huliegesha gari mtaa tulivu kwa siku moja au mbili kuona kama linafuatiliwa, kwa hiyo saa za mwanzo zina thamani kubwa.

Magari yaliyoibwa Uingereza yamewahi kukamatwa bandarini Mombasa na jijini Kampala. Kwa hiyo mnunuzi wa gari lililotumika alinganishe namba ya chesisi na hati zake, na amwombe fundi azifute kwenye kompyuta ya gari funguo zote ambazo hakukabidhiwa.