Haxe: Lugha moja kwa michezo ya mashine nyingi

Mchezo wa kompyuta unaokusudiwa kuchezwa kwenye simu ya mkononi, kwenye tovuti na kwenye mashine za michezo zinazounganishwa na televisheni, mara nyingi hulazimika kuandikwa upya kwa kila chombo.

Kwa kampuni kubwa, hilo ni suala la gharama. Kwa kundi la watu watano au kumi, huweza kuwa suala la kuendelea na kazi au kufunga milango.

Haxe, inayotamkwa "heksi", ni lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa nchini Ufaransa ili kupunguza mzigo huo.

Chimbuko

Nicolas Cannasse alianza kuitengeneza mwaka 2005 akiwa Motion Twin, kampuni ndogo ya michezo yenye makao yake mjini Bordeaux, ambayo huendeshwa kwa ushirika wa wafanyakazi wake. Toleo la kwanza lilitolewa mwaka 2006.

Wakati huo michezo mingi ya kwenye mtandao ilitegemea Flash, teknolojia ya Macromedia, kampuni iliyonunuliwa na Adobe mwaka 2005.

Mtengenezaji alilazimika kutumia lugha moja kwa ajili ya Flash, nyingine kwa ukurasa wa tovuti, na ya tatu kwa kompyuta kuu inayohifadhi matokeo ya wachezaji. Haxe ilikusudiwa kushika nafasi ya zote tatu.

Inavyofanya kazi

Programu ya Haxe huandikwa mara moja, kisha hufasiriwa kuwa lugha nyingine kulingana na mahitaji: JavaScript kwa ajili ya tovuti, C++ kwa ajili ya kompyuta na simu, au nyinginezo kama vile PHP, Python na Lua.

Kabla ya kuifasiri, mtambo wake huikagua. Iwapo mwandishi ametia maneno mahali panapotakiwa namba, kosa hilo hubainika kabla mchezo haujamfikia mchezaji.

Hata hivyo, lugha hiyo peke yake haichori picha wala kutoa sauti. Kazi hiyo hufanywa na maktaba za ziada kama vile OpenFL, HaxeFlixel na Heaps. Aidha, tofauti za vyombo hazitoweki: mchezo wa kugusa kioo cha simu hauwezi kuongozwa sawasawa na ule wa vitufe, na sehemu hizo bado huandikwa mbalimbali.

Mwisho wa Flash

Mwezi Aprili mwaka 2010, Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa Apple, alieleza hadharani sababu za kutoiruhusu Flash kwenye simu za iPhone. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020.

Michezo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya Flash pekee ilikoma kufanya kazi katika vivinjari vya kawaida. Waliokuwa wametumia Haxe walikuwa na njia ya kuielekeza kazi yao kwingine, ingawa si bila marekebisho.

Matunda yake

Mwaka 2013 Mmarekani Lucas Pope alitoa Papers, Please, mchezo unaomweka mchezaji katika nafasi ya afisa wa uhamiaji anayekagua pasipoti mpakani na kuamua nani aingie na nani arudishwe. Toleo hilo liliandikwa kwa Haxe, na mwaka 2014 mchezo huo ulipata tuzo ya BAFTA nchini Uingereza.

Motion Twin nayo ilikamilisha Dead Cells mwaka 2018, mchezo uliouzwa kwa ajili ya kompyuta, mashine za Nintendo, Sony na Microsoft, na baadaye simu. Cannasse mwenyewe alishiriki kuanzisha kampuni ya Shiro Games mwaka 2012, iliyotengeneza Northgard.

Suala la umiliki

Haxe haina watumiaji wengi kama Unity, chombo cha kibiashara cha kutengenezea michezo. Lakini mwezi Septemba mwaka 2023 Unity ilitangaza kwamba itatoza ada kulingana na idadi ya mara mchezo unapopakuliwa na kuwekwa kwenye chombo. Watengenezaji wengi walikasirika, na mpango huo ulifutwa mwaka 2024.

Haxe ni programu huria. Mtengenezaji huipata bure, na hadaiwi chochote kwa kila nakala ya mchezo anayouza.