Kompyuta mpya inayochelewa kuwaka: tabia hii imetoka wapi?



Swali lililonifikia mara nyingi zaidi msimu huu halihusu viwavijeshi wala bei ya alizeti. Linahusu kompyuta. Makatibu wa AMCOS wamenunua, wenye maduka ya pembejeo wamenunua, vijana wanaokusanya dengu na ufuta vijijini wamenunua, na wengi wanarudi na lalamiko moja: mashine ni mpya, nimeitoa kwenye boksi mwenyewe, lakini ukibonyeza kitufe cha kuwashia unaweza kuchemsha chai ukainywa kabla haijakubali kazi. "Afisa, nimeuziwa kanyaboya?"

Mara nyingine ndiyo. Mara nyingi siyo. Lakini jibu wanalopewa mitaani, hapa Majengo na kwingineko, huwa ni lile lile: "Ina virusi hiyo, iache tupige Windows upya." Sasa, kupiga Windows upya bila kuhamisha mafaili kwanza ni sawa na kuchoma daftari. Najua chama kimoja kilichopoteza orodha ya wanachama na uzito wa mizigo ya msimu mzima kwa ushauri wa namna hiyo. Wakulima walibaki wakibishana na karani juu ya kilo zao, kila mmoja akitegemea kumbukumbu ya kichwa.

Ndiyo maana leo nataka turudi nyuma kidogo. Kuchelewa huku kuna historia, na ukiijua utajua pa kushika.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Iliitwa ICT 1500. Jina lilikuwa la kampuni ya Uingereza, ingawa mashine yenyewe ilikuwa ya RCA ya Marekani iliyopewa jina jingine. Haikuwa ya kupakata. Mashine za kizazi kile zilichukua chumba kizima, na hazikuwa na kitufe kimoja unachobonyeza ukaanza kazi. Mwendeshaji aliwasha umeme, kisha akailisha programu kwa kadi za karatasi zilizotobolewa matundu, ndipo mashine ikajua inatakiwa kufanya nini. Kesho yake, kazi nyingine, kadi nyingine.

Hadi mwaka 1974 zilikuwa kompyuta saba tu nchi nzima. Na tayari zilikuwa na sifa mbaya. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine mpya zaidi pale Hazina, kazi ilivurugika na taarifa zikachelewa. Waliofundishwa kuzitumia walikuwa wachache, wataalamu wengi walikuwa wageni, na kazi kubwa ilihamishwa kwa haraka kabla watu hawajawa tayari. Mwaka huo wa 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Taasisi iliyoitaka ilibidi iombe kibali maalumu.

Wazee wa Dodoma mnaikumbuka miaka hiyo kwa sababu nyingine. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie kwetu, mafuta yakapanda bei duniani, na ukame wa 1973 na 1974 ulilazimisha nchi kununua nafaka nje. Fedha za kigeni zilikuwa kidogo, kwa hiyo kuzibania ninaelewa. Nisichokubaliana nacho ni mashine kubebeshwa mzigo wote. Kilichokuwa kimeshindikana zaidi ni maandalizi. (Miaka miwili baadaye, 1976, vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, hadi sheria ya 1982 ilipovirudisha. Ilikuwa ni enzi ya kuondoa kitu chote pale ambapo kurekebisha sehemu kungetosha.)

Marufuku ile ilidumu katika kipindi kibaya. Mwaka 1975 kompyuta ndogo ya Altair 8800 ilianza kuuzwa Marekani. Agosti 1981 IBM wakatoa kompyuta yao ya mezani, ambayo ndiyo babu wa mashine karibu zote zinazotumia Windows leo. Sisi mlango wetu ulifunguka taratibu, miaka ya 1980 ikielekea 1990, biashara ilipolegezwa. Kompyuta zilipoanza kumfikia mtu wa kawaida, nyingi zilikuwa zimeshatumika Ulaya au Dubai. Watu wengi walijifunzia kompyuta kwenye mashine iliyochoka, wakaamini kwamba kompyuta kwa asili yake inachelewa kuwaka, kama trekta la zamani asubuhi ya baridi.

Haichelewi kwa asili. Ukiizima, kumbukumbu yake ya kazi, ile inayoitwa RAM, inafutika yote. Ukiiwasha haijui lolote, na ni lazima isome upya kila kitu kutoka kwenye diski: Windows yenyewe, kisha programu zote zilizojipanga kuamka pamoja nayo. Kwa hiyo muda wa kuwaka unategemea hasa mambo mawili, yaani kuna mizigo mingapi ya kubebwa kutoka ghalani, na mtunza ghala ana kasi gani.

Tuanze na mtunza ghala, kwa sababu hapo ndipo penye siri kubwa. Diski ya kompyuta inayozunguka ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa kabati zima lenye sahani 50 za chuma, na zote pamoja zilihifadhi kiasi cha MB 5, ambazo leo zinajazwa na picha moja ya simu. Sahani zile zilizunguka mara 1,200 kwa dakika. Sasa chukua laptop ya bei nafuu yenye diski ya aina hiyo, ile inayoandikwa HDD. Inazunguka mara 5,400 kwa dakika. Kwa zaidi ya miaka 50 ubongo wa kompyuta uliongezeka kasi kwa maelfu na maelfu, lakini mzunguko wa diski hii uliongezeka mara nne na nusu tu. Kila faili dogo linapoitwa, mkono wa diski husogea hadi mahali pake na kusubiri sahani igeuke. Kwa mafaili madogo yaliyotawanyika, diski hiyo huchota kama mara 60 hadi 100 kwa sekunde, na Windows inapowaka inaita maelfu.

SSD haina sahani wala mkono, na haina kitu kinachozunguka. Mafaili yale yale inayachota kwa maelfu kila sekunde. Ndiyo maana kompyuta mbili zenye prosesa moja na rangi moja, moja huwaka kwa nusu dakika na nyingine kwa dakika tano.

Na hapa ndipo wengi wetu tunapokamatwa dukani. Kibandiko cha mashine moja kinasema GB 1000, cha nyingine GB 256, na bei zinakaribiana. Mnunuzi mwenye akili ya gunia anachukua kubwa. Kumbe ile ya 1000 ni HDD inayozunguka na ile ya 256 ni SSD. Daftari la AMCOS yenye wanachama 300, pamoja na risiti na picha za mizani, halijazi GB 256 kwa miaka mingi. Kwa kazi yetu sisi, chukua ndogo yenye kasi.

Mzigo nao umekua. Windows 95 iliweza kuendeshwa kwa RAM ya MB 4. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai angalau GB 4, mara elfu moja ya hapo. Hicho ni kiwango cha kuishi tu, si cha kufanyia kazi. Kwa maoni yangu, mwenye GB 4 ataendelea kulalamika hata akiwa na SSD. Tafuta GB 8.

Juu yake kuna programu ambazo hukuziomba. Watengenezaji hulipwa kuweka programu za majaribio kwenye mashine mpya, kama kinga ya virusi ya siku 30, michezo na vihifadhi picha, na zote hujipanga kuamka pamoja na Windows. Kuziona si kazi ngumu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager litafunguka, kisha tafuta sehemu iliyoandikwa Startup. Bonyeza kwa kitufe cha kulia kila usiyoihitaji wakati wa kuwasha, uchague Disable. Hujaifuta, umeizuia tu isikurupuke mapema. Usiyoijua jina, iache. Kwenye dirisha hilo hilo, sehemu ya Performance, ukibonyeza Disk mara nyingi utaona imeandikwa SSD au HDD. Umeshapata jibu ambalo fundi wengine wanalitoza.

Kama mashine ni mpya kweli na ina siku chache, subiri kwanza kabla ya kulaumu. Inapakua masasisho na kupanga orodha ya mafaili yake. Mjini mwenye intaneti nzuri humaliza ndani ya siku moja au mbili. Wewe wa kijijini unayewashia data ya simu dakika kumi kisha unazima kwa kuogopa bando kuisha, kazi hiyo inakatwa katikati na kuanza tena kila siku, wiki nzima. Njoo mjini siku ya gulio, iunganishe mahali penye mtandao wa uhakika, uiache imalize yote huku ikiwa kwenye chaji.

Jambo jingine lililotoka kwenye historia ni la mwaka 2012. Windows 8 ilileta njia ya kuwaka haraka. Ukizima, mashine haizimi kabisa, bali inaandika sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho iamke kutoka hapo. Ni nzuri, ila na takataka za jana zinaamka nazo. Wenye kuzima na kuwasha mara kumi bila nafuu, jaribuni kuchagua Restart badala ya Shut down. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Tusisahau chaja. Baadhi ya mashine zikiwekewa chaja isiyo yake, au yenye nguvu pungufu, hupunguza kasi ya prosesa zenyewe bila kukuambia. Kama iliharakisha kwa chaja ya kwanza na inasuasua kwa ile ya kuazima, hapo umeshapata ugonjwa.

Sasa turudi kwa kanyaboya. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Mashine nyingi za zamani hazikubaliki rasmi kwa Windows 11, hivyo maofisi ya nje yana sababu ya kuziondoa, na tutegemee nyingi kupita kwenye masoko yetu zikiwa zimefutwa vumbi na kuwekwa kwenye boksi safi, Windows 11 ikiwa imelazimishwa ndani. Kununua iliyotumika si dhambi, mimi mwenyewe natumia. Tatizo ni kulipia bei ya mpya. Kabla hujatoa hela, mwombe muuzaji afungue programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo. Kwa kawaida itakuonyesha diski imefanya kazi saa ngapi na imewashwa mara ngapi. Mpya haina saa 6,000. Muuzaji anayekataa kuifungua amekupa jibu pia, ingawa ujue diski inaweza kubadilishwa, kwa hiyo angalia na vitufe vilivyong'aa kwa vidole na skrubu zilizochubuka.

Ikiwa umeshanunua yenye HDD, usiitupe. Laptop nyingi za aina hiyo diski yake hufunguliwa kwa bisibisi na kuwekewa SSD, na ni tiba inayobadilisha mashine kuliko nyingine yoyote niliyoiona. Zile nyembamba za bei ya chini zenye hifadhi ya GB 64 iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao, yaani eMMC, hazibadilishiki hivyo. Kwa hizo punguza mafaili na programu, uiache nafasi iwepo.

Kabla ya bisibisi, nakili mafaili yote kwenye flashi mbili, moja ibaki kwa katibu na nyingine kwa mwenyekiti. Zifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka. Orodha ya wanachama na kilo zao ichapeni pia kwenye karatasi, kila mkulima asaini mstari wake, ndipo mashine iende kwa fundi.