Nyumba za Wabelgiji na nyumba zetu: nani alijenga vizuri?

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu, na naanza na lile bishano ambalo wengine wenu mlikuwepo. Tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya nyumba moja pale Ngagara, tunasubiri mvua ipungue. Mzee mwenye nyumba akagonga ukuta kwa ngumi, akasema: "Sikilizeni. Hii ni OCAF. Imewazidi baba zenu umri. Ninyi wa leo mnajenga karatasi." Tukacheka, kisha tukakubali. Mimi pia nilikubali. Lakini mwenzetu mmoja anayejifunza uashi hakucheka. Alikuwa amebakiza miezi miwili tu amalize mafunzo. Njiani tukirudi Buyenzi akaniambia: "Kama kila nitakachojenga ni karatasi, sasa najifunza nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nikaanza kuuliza wazee, kusoma kidogo kidogo, na kuangalia kuta za mji huu kwa macho mengine.

Tuanze na mji wenyewe. Wajerumani waliweka kituo cha askari hapa Usumbura mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1912 wakahamishia makao ya utawala wao Gitega. Wabelgiji waliingia mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye wakaifanya Usumbura kuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi yote. Hilo si jambo dogo. Maana yake serikali iliyotawala nchi mbili iliweka ofisi zake, nyumba za wakubwa wake na pesa zake katika mji mmoja, huu tunaoishi. Jina Bujumbura likaja na uhuru, mwaka 1962.

Na mji waliupanga kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa Rohero na juu kule Kiriri penye upepo. Wahindi na Waarabu walikuwa na mtaa wao karibu na bandari, mpaka leo unaitwa Quartier Asiatique. Waafrika walikaa Buyenzi, na Bwiza ambayo wazee bado wanaiita Belge. Kwa hiyo mtu akikuonyesha nyumba ya zamani ya Rohero, na kuta zake nene, dari la juu na baraza pande mbili, akakuambia "ona watu wa zamani walivyojenga", muulize: watu gani? Waliojenga kwa mikono yao walirudi jioni kulala kwingine. Na wakati ule kulikuwa na kazi za lazima, ambazo mtu hachagui kwenda wala kukataa. Ukiwa na mikono mingi isiyolipwa vizuri, unaweza kuweka ukuta mnene unavyotaka.

Lakini mzee wetu hakusema Rohero. Alisema OCAF, na hapo alinibana kweli, kwa sababu OCAF walijengewa Waafrika.

OCAF ni Office des Cités Africaines, ofisi iliyoundwa mwaka 1952 kwa ajili ya Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Ilijenga nyumba kwa wingi katika miji mikubwa: Léopoldville, Élisabethville, Stanleyville, Bukavu, na hapa Usumbura. Wenzangu wa Bukavu, mkitembea Ngagara mtakumbuka Bagira, na si bure. Tusidhani walifanya hivyo kwa upendo. Baada ya Vita Kuu ya Pili miji ilijaa haraka, wafanyakazi walihitajika wakae mahali pamoja na familia zao, na Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, wajumbe walikuja kila baada ya miaka kadhaa kuangalia hali. Nyumba nzuri ilikuwa kitu cha kuwaonyesha wageni.

Hata hivyo lazima niseme ukweli: OCAF walijenga vizuri. Kabla ya tofali la kwanza, barabara zilikuwa zimechorwa na njia za maji zimefikiriwa. Nyumba zilikuwa za aina chache tu, zikarudiwa na kurudiwa, kwa hiyo kosa la nyumba ya kumi halikurudi kwenye nyumba ya mia. Kulikuwa na mhandisi analipwa kusimamia, na fundi hakujiamulia mwenyewe simenti iwe kiasi gani. Vyumba ni vidogo, hilo kila anayeishi Ngagara atakuambia, ndiyo maana karibu kila parseli imeongezewa vyumba nyuma. Lakini zimesimama. Nyingi ya nyumba zinazojengwa leo pembeni mwa mji hazipati hata nusu ya maandalizi hayo. Hapo mzee anashinda, na sitaki kumnyang'anya.

Sasa swali langu. Nyumba nyingine za miaka ile ziko wapi?

Maana Usumbura ya mwaka 1955 haikuwa OCAF na Rohero peke yake. Watu wengi waliishi kwenye nyumba za udongo, za miti na tope, za matofali mabichi, nyingine zimeezekwa majani. Nenda Buyenzi uulize mabibi. Watakuambia hapa palikuwa na nyumba ya udongo, ikaanguka, ikajengwa nyingine, ikapasuka, akaja mtoto akajenga ya matofali ya kuchoma. Zote hizo zilikuwa nyumba za zamani. Lakini zilizoanguka hazina mtu wa kugonga ukuta wake mbele ya wageni. Tunazoziona leo ni zile zilizoshinda, halafu tunasema zamani zote zilikuwa hivyo. Ni kama kuwaangalia wazee wa miaka tisini msikitini au kanisani, useme zamani watu hawakuwa wanakufa.

Tofali bichi, ile ambayo hapa wanaiita rukarakara, haina kosa lenyewe. Ikikauka inabeba paa bila shida. Adui yake ni maji yanayoshika miguu ya ukuta. Chini ikilowa inakuwa tope tena, na ukuta unashuka wote pamoja, mara nyingi usiku watu wamelala. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 maji yalishuka kutoka milimani yakaingia mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama, na watu zaidi ya 60 walikufa. Nyumba nyingi zilizolala chini asubuhi ile zilikuwa za rukarakara. Zilikuwepo mpya na zilikuwepo za miaka mingi. Maji hayakuuliza umri.

Hapo niweke habari ya kwetu. Mimi ni mtoto wa Uvira. Babu alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, msingi wa mawe, milango ya mbao nzito, aliijenga baada ya uhuru. Nilijivunia ile nyumba kuliko kitu chochote. Wajomba walikuwa wanasema hata bomu haliwezi kuigusa. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika. Ukabeba nyumba kwa maelfu na watu wengi wakafa. Ya babu ilikuwa karibu na mto, kwa sababu alipojenga, mto ulikuwa mbali na bustani zilikuwa katikati. Ilienda. Nyuma kidogo, juu zaidi, kulikuwa na nyumba mbaya ya mbao na manjanja ambayo sisi watoto tulikuwa tunaicheka. Ilibaki. Nilipoona picha, nilikasirikia ile nyumba ya mbao kana kwamba imefanya kosa.

Ndiyo maana siku hizi nikiona jengo naanza na ardhi, halafu ukuta baadaye. Waliojenga Kiriri walichagua kilima kwanza. Waliobaki walipewa tambarare, na mito inayoshuka kutoka milimani. Tazameni Ntahangwa inavyokula kingo zake mwaka baada ya mwaka, na nyumba za Nyakabiga zinazoning'inia pale, nzuri na mbaya pamoja. Au ziwa lenyewe. Mwaka 1964 Tanganyika ilipanda sana, wazee wanakumbuka. Kisha ikashuka, watu wakasahau, wakajenga mpaka ufukweni. Kuanzia 2020 maji yakarudi, Rusizi ikamwagika Gatumba, familia zikahama na magodoro kichwani. Wengine wetu tuliwapokea. Mkimbizi kumpokea aliyehamishwa na maji, hiyo nayo ni historia, siku moja mtu aiandike.

Mtu atasema: hayo ni mambo ya mito na udongo, vipi kuhusu majengo makubwa? Sawa. Twende pwani. Zanzibar kuna Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, mawe ya matumbawe na chokaa, nguzo za chuma, fahari ya mji. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Miaka mingi kabla ya hapo maji yalikuwa yanaingia na nyufa zinaonekana. Ng'ambo yake, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013 ghorofa jipya kabisa, hata halijamalizika, lilianguka likaua watu 36. Na Huruma, Nairobi, Aprili 2016, jengo la miaka michache lililokuwa ukingoni mwa mto, ambalo tayari lilikuwa limetiwa alama ya kubomolewa, liliua watu zaidi ya 50. La zamani limeanguka na jipya limeanguka. La kwanza liliachwa likazeeka bila dawa. Yale mengine yalijengwa kwa haraka ya kodi, ghorofa juu ya ghorofa, na aliyetakiwa kusimamisha kazi hakuisimamisha.

Nilimuuliza mwenzetu mwashi yeye mwenyewe ameona nini kwenye kazi. Alinijibu kama mtu aliyesubiri kuulizwa. Mchanga unaletwa una udongo ndani, hawauchuji. Mfuko mmoja wa simenti unatakiwa uishie mahali fulani, wanauvuta ufike mbali zaidi kwa sababu simenti imepanda bei, na kuna siku haipatikani kabisa. Ule mkanda wa zege unaozunguka nyumba juu ya madirisha, unaoshika kuta zote nne zisiachane, mwenye nyumba anauondoa kwanza akitaka kupunguza gharama, maana ukipakwa rangi hauonekani. Na zege halimwagiliwi. Hilo ndilo linamuuma zaidi. Zege linahitaji kubaki na unyevu siku 7 angalau ili likomae, lakini maji yakikatika mtaani, nani atanunua bidoni amwagie ukuta? "Fundi anajua," aliniambia. "Ufundi haujapotea. Kinachokosekana ni mwenye pesa anayekubali, na mtu wa kuja kukagua."

Basi nikarudi Ngagara peke yangu. Nikamuuliza yule mzee: tangu nyumba hii iwe yenu, mmebadilisha nini? Akaanza kuhesabu. Mabati, mara mbili. Sakafu yote. Milango, baada ya miaka ya vita. Plasta karibu kila baada ya mvua kubwa, na mfereji wa mbele anausafisha mwenyewe kila Jumamosi. Na baraza? Akacheka. Baraza haikuwa ya OCAF. Kaka yake aliijenga miaka ya themanini. Ule ukuta aliougonga kwa ngumi ulikuwa wa kaka yake, fundi wa hapa hapa mjini. Alisema tusimwambie mtu, lakini baadaye akaniruhusu kuandika.

Kwa wafanyakazi wa mashirika nina neno moja. Kambi ya Bwagiriza ilifunguliwa mwaka 2009. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule leo ni kijana, na amekulia katika nyumba ambayo kwenye karatasi inaitwa ya muda. Mwaka 2025 ndugu zetu wengine wamefika Musenyi, na neno ni lile lile, muda. Sisemi tujengewe Kiriri. Nasema hata nyumba ya rukarakara ikiinuliwa juu ya mawe, paa likatokeza vya kutosha mvua isipige ukuta, na mfereji ukachimbwa kabla ya nyumba, inaweza kukaa miaka mingi. Ikiwekwa chini kwenye njia ya maji, itaanguka msimu wa kwanza, halafu ripoti itaandikwa kwamba wakimbizi hawatunzi nyumba. Mkija kuhesabu kuta zilizopasuka, njooni siku ya mvua.

Mwenzetu alimaliza mafunzo mwezi uliopita. Kazi yake ya kwanza ni choo na ukuta wa uani, parseli moja Kinama, si kitu kikubwa. Nilipita kumwona. Alikuwa na bidoni mbili na gunia lililolowa, anamwagilia zege asubuhi na jioni. Watoto wa jirani walikuwa wamekusanyika wanamuuliza amepanda nini humo, na itaota lini.