Kutoka Daftari la Kodi hadi Tume: Siri ya Mtu na Sheria Mbozi

Kata ya Isansa, katika Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, ni eneo la wakulima wa kahawa, na jina la mkulima limekuwa likiandikwa kwenye madaftari ya watu wengine kwa zaidi ya karne moja. Wamoravian waliofika Mbozi mwaka 1899 waliweka daftari la ubatizo. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Madaftari hayo yalimhudumia aliyeandika. Aliyeandikwa hakuwa na pa kushtakia iwapo habari zake zingefika kwa wasiohusika.

Sheria za Kiingereza zilizopokelewa Tanganyika kwa kigezo cha tarehe 22 Julai 1920, na kuendelea kutumika baada ya uhuru, hazikulijaza pengo hilo. Hazikuwa na dai mahususi la kuingiliwa faragha. Mtu aliyeanikwa alilazimika kupitia mlango wa pembeni: kashfa, uzembe, au kuvunjwa kwa siri aliyomwamini mwenzake. Kashfa ilikuwa na ugumu wake, kwani mdaiwa akithibitisha kuwa alichosema ni kweli, dai linaanguka. Na taarifa zinazovuja kwa kawaida huwa za kweli.

Hatua kubwa ya kwanza ilikuja mwaka 1984, Haki za Binadamu zilipoingizwa katika Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 16 inalinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Mahakama zilianza kuzisimamia haki hizo Machi 1988, na utaratibu wa madai ukawekwa na sheria ya mwaka 1994. Hata hivyo, shauri la namna hiyo hufunguliwa Mahakama Kuu na kwa kawaida husikilizwa na majaji watatu. Kwa mkulima wa kijijini, njia hiyo ilikuwa ndefu na ya gharama.

Wakati huohuo taarifa ziliongezeka. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na usajili wa laini za simu ukaanza mwaka uliofuata. Kuanzia Mei 2019 laini zilisajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mwaka 2022 wakulima waliandikishwa kwenye mfumo wa kielektroniki ili wapate mbolea ya ruzuku. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliwataka watoa huduma watunze siri za wateja, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ikaharamisha kuingilia mifumo ya kompyuta. Uzito wa sheria hizo ulikuwa kwenye adhabu ya mkosaji kuliko haki ya mwenye taarifa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilibadili mwelekeo huo ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka mkusanyaji wa taarifa aitaarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mapema pale usalama wa taarifa unapovunjwa. Mhusika anaweza kulalamika kwa Tume bila kupitia mahakamani kwanza, na uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90, ingawa muda huo unaweza kuongezwa. Tume inaweza kutoza faini hadi shilingi milioni 100, na aliyepata madhara anaweza kudai fidia. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Mahakama Kuu. Anayefichua taarifa kinyume cha sheria hushtakiwa kwa jinai: kwa mtu binafsi, kifungo kinaweza kufika miaka 10; kwa kampuni, faini inaweza kufika shilingi bilioni 5.

Sheria yenyewe nayo ilipimwa. Mei 2024 Mahakama Kuu iliona kuwa baadhi ya maneno ya vifungu vya 22 na 23 hayakuwa wazi vya kutosha, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuyarekebisha.

Mikopo ya mtandaoni inaonyesha kwa nini njia hizi za kulalamika na kudai fidia zinahitajika. Baadhi ya programu zilichukua orodha ya majina kwenye simu ya mkopaji, kisha zikawatumia ndugu, majirani na waajiri ujumbe wa kumdhalilisha alipochelewa kulipa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Katika mkasa kama huo walioumia ni wengi: mkopaji, na pia kila mtu ambaye namba yake ilichukuliwa bila kuulizwa. Wote wana haki ya kulalamika.

Kwa vitendo, mtu wa Isansa huanza kwa kutunza ushahidi: ujumbe, namba, tarehe na risiti. Kwa *106# huangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, na namba za matapeli huziripoti kwa 15040. Wizi au utapeli hupelekwa polisi. Uvujaji wenyewe hupelekwa kwa Tume. Anayefanya biashara ng'ambo ya mpaka wa Tunduma huenda taarifa zake ziko kwa wakusanyaji wa Zambia, na huko sheria ya kutazama ni ile ya ulinzi wa data ya mwaka 2021.